Roboti inayoshona kizazi: kutoa fibromu bila kufungua tumbo lote

Mama mwenye fibromu akifika hospitalini katika mikoa ya mashariki, mara nyingi anasikia kwamba tumbo litafunguliwa, na pengine kizazi nacho kitatoka. Kwingine duniani uvimbe huo huo unatolewa kupitia matundu ya milimetre 8, muganga akiwa ameketi pembeni na kuongoza mikono ya roboti. Makala hii inaeleza chombo hicho kinafanya nini hasa, kilitoka wapi, kinauzwa bei gani, na sababu gani mama wa Bukavu, Beni ao Kalemie apaswe kukijua hata kama hajakiona.

Fibromu ni nini

Jina la fibromu sasa linasikika sokoni, kanisani na kwenye benchi la kungojea ekografi. Kuna wanaosema ni ulozi, kuna wanaosema ni damu ya mwezi iliyoganda ndani. Hapana. Fibromu ni uvimbe unaoota ndani ya musuli wa kizazi chenyewe. Seli moja ya musuli inaanza kujigawanya bila mpango, na homoni za kike zinaulisha uvimbe huo mwaka kwa mwaka. Unaweza kubaki mudogo kama punje ya haragi, ao kukua mupaka ufikie ukubwa wa kichwa cha mutoto. Si kanseri, na ni mara chache sana unakutwa kuwa kanseri iliyojificha. Mwanamuke akifunga kuzaa, homoni zinapungua na mara nyingi uvimbe nao unasinyaa.

Ni ugonjwa wa wengi. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2003 kwa wanawake wa muji wa Washington, Marekani, ulikadiria kwamba kufikia umri wa miaka 50, zaidi ya wanawake weusi 80 kwa 100 wanakuwa na fibromu, na kwa weupe karibu 70 kwa 100. Wengi kati yao hawajui kama wanayo, juu haiwasumbui. Asiyesumbuliwa hana lazima ya kupasuliwa, hata kama ekografi imeonyesha kitu.

Taabu inategemea fasi uvimbe umeota. Ule unaosukuma kuelekea ndani, kwenye chumba mutoto anamokaa, hata ukiwa mudogo unaleta damu nyingi na unaweza kuzuia mimba. Ule uliozama katikati ya ukuta unafanya kizazi kizito na chenye maumivu. Ule unaotokeza inje unaweza kukua sana kimya kimya, halafu unakandamiza kibofu, mama anakojoa kila saa. Damu ikitoka nyingi kila mwezi, upungufu wa damu unafuata: kizunguzungu, moyo kudunda, kushindwa kupanda mulima na mzigo ambao zamani alikuwa anaupanda akiimba.

Kizazi kitoke ao kibaki?

Kutoa kizazi chote kunamaliza fibromu kabisa. Hazirudi tena. Kwa mama mwenye miaka 46, watoto wake wamekuwa wakubwa na damu yake inakaribia kwisha, hilo linaweza kuwa shauri zuri. Lakini kwa mwanamuke wa miaka 29 aliyeolewa na asiyepata mutoto bado, hukumu hiyo haibaki hospitalini. Inaingia nyumbani, inaingia kwa wakwe, na mara ingine inavunja ndoa.

Wazo la kutoa uvimbe na kuacha kizazi si jipya. Huko London, muganga Victor Bonney alilifanya kazi ya maisha yake. Muke wake Annie alikuwa ametolewa kizazi kwa sababu ya fibromu, nao hawakupata mutoto. Mwaka 1931 Bonney alitangaza wanawake 403 aliowatoa fibromu na kuwaachia kizazi, na waliokufa walikuwa karibu mmoja kwa 100, katika miaka ambapo antibiotiki hazijaingia hospitalini. Waganga wengine wa wakati ule waliona anapoteza muda. Upasuaji huo unaitwa miyomektomi. Kwa njia ya Bonney, tumbo linafunguliwa, muganga anaingiza mikono, anakata ukuta wa kizazi, anakamua uvimbe kama mbegu ya avoka, kisha anashona.

Nusu karne baadaye, muganga wa akina mama wa muji wa Kiel, Ujerumani, Kurt Semm, aliyetoka katika jamaa ya mafundi wa vyombo, alianza kufanya kazi hiyo bila kufungua tumbo. Alijaza tumbo hewa ya kaboni, akaingiza kamera nyembamba karibu na kitovu na vyombo virefu pembeni. Ndiyo selioskopi. Wenzake walimuomba akapigwe picha ya ubongo, wakidhani mutu anayepasua kwa kuchungulia kwenye tundu lazima ana kasoro kichwani. Leo njia yake inatumika karibu dunia nzima.

Ugumu hauko kwenye kukata

Watu wengi wakisikia roboti wanafikiri inakata vizuri kuliko mukono. Si hapo kazi ilipo. Kukata fibromu si mwisho wa mambo. Kinachobaki ni shimo katika musuli wa kizazi, mara ingine lenye kina cha santimetre kazaa, linalovuja damu kwa sababu kizazi kina mishipa mingi. Shimo hilo lazima lifungwe tabaka kwa tabaka, la ndani kwanza, kisha la juu. Likifungwa vibaya, kidonda kinabaki na upenyo. Siku mama anapobeba mimba na kizazi kinavutika, ao siku ya uchungu, kovu hilo linaweza kupasuka. Hapo mama na mutoto wote wako katika hatari ya kufa.

Katika selioskopi ya kawaida, kushona huko ni mateso. Vyombo ni vijiti vilivyonyooka visivyokunjika kwenye ncha. Ni kama kuambiwa ufunge kamba za kiatu kwa vijiti viwili vya brosheti, ukiangalia televisheni. Tena, kwa sababu kijiti kinapita kwenye tundu la tumbo kama kasia linavyoegemea ukingo wa mutumbwi, mukono ukienda kuume ncha inaenda kushoto. Wako waganga wanaoliweza vizuri sana, baada ya miaka mingi ya mazoezi. Wengine wengi, wakikuta fibromu kubwa ao nyingi, wanarudi kufungua tumbo.

Chombo cha roboti kilitengenezwa kwa ajili ya shida hiyo ya kifundo cha mukono.

Namna inavyofanya kazi

Roboti inayojulikana zaidi inaitwa da Vinci, ya kampuni ya Marekani Intuitive Surgical. Roboti hii haipasui yenyewe. Haina akili ya kuamua wapi pa kukata. Muganga anakaa kwenye kiti, mita chache kutoka kitanda cha mugonjwa, ameweka uso kwenye kioo cha mashine. Anaona ndani ya tumbo kwa macho mawili, kina na urefu, picha ikiwa imekuzwa mara kazaa. Vidole vyake vinashika vishikio viwili. Kila anachofanya kwa vidole, vyombo vinakifanya ndani ya tumbo.

Kando ya mugonjwa kuna mikono mine ya chuma. Mmoja unashika kamera, mingine inashika koleo, makasi na kishika sindano. Unene wa chombo ni milimetre 8. Kwenye ncha kuna kifundo kidogo kinachokunja kila upande, kikiongozwa na nyaya nyembamba zinazopita ndani ya kijiti na kuzunguka magurudumu madogo, kwa kanuni ile ile ya waya ya breki kwenye kinga. Kompyuta iko katikati ya muganga na nyaya hizo. Inapunguza mwendo, mukono ukisogea santimetre tatu ncha inaweza kusogea moja tu, na inaondoa mutetemeko wa mukono uliochoka. Kuume kunakuwa kuume tena. Sindano inaweza kugeuzwa ndani ya shimo la fibromu karibu kama inavyogeuzwa na mukono wa kawaida.

Kitu kimoja kilikosekana toka mwanzo: kugusa. Muganga aliyefungua tumbo anapapasa kizazi kwa vidole na kukuta uvimbe mudogo uliojificha ndani ya ukuta. Mwenye roboti anaona tu. Kwa hiyo mbele ya upasuaji mara nyingi wanapiga picha ya IRM ili kujua kila fibromu iko wapi, na IRM ni mashine ambayo hospitali nyingi za kwetu hazina. Mafundi wamekuwa wakihangaika na jambo hilo. Senhance, roboti iliyokubaliwa Marekani mwaka 2017, inarudishia muganga sehemu ya hisia ya mukono. Na da Vinci 5, iliyokubaliwa mwezi wa tatu 2024, imeletewa vyombo vinavyopima nguvu ya kuvuta na kusukuma na kuifikisha kwenye vidole vya muganga.

Kutoka vitani mupaka Ubelgiji, na njia ya Panzi

Asili ya mashine hii ingewashangaza wengi wa Kivu na Ituri. Haikutafutwa kwa ajili ya akina mama. Utafiti wa mwanzo, miaka ya 1980 na 1990, ulifazaliwa na jeshi la Marekani, lililotaka muganga aliye mbali aweze kumupasua askari aliyejeruhiwa karibu na mapigano. Kwenye uwanja wa vita haikufanya kazi namna walivyotazamia. Kampuni iliyonunua haki za utafiti huo, iliyoanzishwa mwaka 1995, iliupeleka katika hospitali za kawaida.

Mutu wa kwanza kupasuliwa kwa aina hiyo ya mashine alipasuliwa Ubelgiji, mwezi wa tatu 1997. Alitolewa kifuko cha nyongo. Waganga waliokuwa kazini walikuwa Jacques Himpens na Guy-Bernard Cadière. Jina hilo la pili linajulikana Bukavu. Ni Cadière huyo huyo ambaye baadaye alikuwa akija katika hospitali ya Panzi na timu yake kupasua kwa selioskopi pamoja na Daktari Denis Mukwege na kufundisha waganga wa pale. Mwaka 2019 wawili hao walitoa kitabu pamoja juu ya kazi hiyo. Mutu aliyeshika roboti ya kwanza ya aina hiyo hakuja Panzi na roboti. Alikuja na kamera, vijiti virefu na mafundisho.

Kwa upande wa fibromu, hatua kubwa ilitoka jimbo la Michigan, Marekani. Mwaka 2004 muganga Arnold Advincula na wenzake walieleza wanawake 35 waliotolewa fibromu kwa roboti. Watatu ilibidi wabadilishiwe njia katikati ya kazi. Kwa wastani upasuaji ulichukua dakika karibu 230, damu iliyopotea ilikuwa mililitre karibu 170, na wengi walirudi nyumbani kesho yake. Mwaka 2005 serikali ya Marekani ikaruhusu da Vinci kwa magonjwa ya akina mama.

Faida iko wapi, hasara iko wapi

Mwaka 2007 timu ile ile ililinganisha wanawake 29 wa roboti na 29 wa tumbo wazi. Wa roboti walipoteza mililitre 195 za damu, wa tumbo wazi 364. Wa roboti walilala hospitalini siku moja na nusu, wengine zaidi ya tatu na nusu. Lakini muda mezani ulikuwa dakika 231 kwa roboti, na 154 kwa tumbo wazi. Na faktire ya hospitali? Zaidi ya dola 30 000 kwa roboti, na dola 13 400 kwa tumbo wazi.

Mutu wa mashariki asome namba za damu kwa makini kuliko zile za siku za kulala. Fasi ambapo jamaa wanatumwa kutafuta mutoa damu usiku, tofauti ya karibu glasi moja ya damu kwa mama aliyefika tayari amepauka si jambo dogo.

Roboti ikilinganishwa na selioskopi ya kawaida, mambo yanabadilika. Mwaka 2019 shirika la Cochrane, linalopima tafiti za matibabu, lilichunguza majaribio 12 ya roboti katika magonjwa ya akina mama na halikukuta ushahidi wa nguvu kwamba roboti inamupita fundi mzuri wa selioskopi. Faida inaonekana zaidi kwa kesi ambazo zingefunguliwa tumbo. Katika hospitali ya Cleveland, Marekani, uchunguzi wa mwaka 2011 juu ya miyomektomi 575 ulionyesha kwamba waliopasuliwa kwa roboti walitolewa fibromu zenye uzito wa grame 223, na wa selioskopi ya kawaida grame 97 hivi. Kwa maneno mengine, roboti iliwawezesha waganga kujaribu uvimbe mukubwa ambao kwa vijiti vya kawaida wasingeuthubutu.

Na mimba? Uchunguzi mwingine wa Marekani, wa mwaka 2013, ulifuata wanawake 107 waliopata mimba baada ya roboti. Kulikuwa na mimba 127 na uzazi 92, na kizazi kimoja kilipasuka. Kimoja kwa 92 kinatosha kukumbusha kwamba kovu la kizazi, hata likishonwa na mashine ya mamilioni, linabaki kovu.

Swali ambalo roboti haikujibu

Uvimbe wa ukubwa wa chungwa umekatwa, shimo limeshonwa. Sasa utapita wapi, na tundu ni la milimetre 8? Kwa miaka mingi jibu lilikuwa mashine inayozunguka kwa umeme, morselateri, inayosaga fibromu ndani ya tumbo na kuvuta vipande.

Mwezi wa kumi 2013 mwanamuke wa Boston, Amy Reed, muganga wa kulalisha wagonjwa na mama wa watoto sita, alipasuliwa hivyo kwa sababu ya fibromu. Baadaye maabara ilikuta kwamba ndani ya kilichosagwa kulikuwa kanseri iliyojificha, na mashine ilikuwa imeitawanya tumboni. Yeye na mume wake walipiga kelele mupaka serikali ikasikia. Mwaka 2014 shirika la FDA la Marekani lilionya juu ya mashine hizo, likikadiria kwamba kati ya wanawake 350 wanaopasuliwa kwa kile kinachozaniwa ni fibromu, mmoja anaweza kuwa na kanseri ya aina hiyo. Amy Reed alikufa mwaka 2017.

Toka hapo, uvimbe unaingizwa kwanza katika mufuko wa plastiki ndani ya tumbo, mdomo wa mufuko unatolewa inje kupitia tundu lililopanuliwa kidogo, na muganga anakata vipande kwa kisu humo humo. Ni njia ya polepole, haina umeme, na ni salama zaidi. Kati ya mambo yote yaliyobadilika katika miaka 20 ya upasuaji huu, mufuko huu wa bei ndogo pengine umesaidia kuliko mengi yanayometameta.

Bei, na vyombo vyenye maisha ya kuhesabiwa

Da Vinci mpya inafika dola milioni moja na nusu, mbili na zaidi, kulingana na aina. Juu yake kuna matengenezo ya kila mwaka, yanayozidi dola 100 000. Halafu vyombo vya kwenye ncha. Kila kimoja kina kihesabio ndani yake. Kwa miaka mingi kilikuwa kinakubali kutumika mara 10, ya 11 mashine inakikataa hata kama bado kinakata vizuri. Mwaka 2020 kampuni iliongeza, vingine vikafika mara 12 mupaka 18. Fundi wa Kadutu anayenoa makasi yale yale miaka kumi angeuliza sababu gani. Kampuni inasema ni usalama, nyaya zinachoka. Lakini ni wazi pia kwamba hapo ndipo faida inapotoka mwezi kwa mwezi.

Haki nyingi za uvumbuzi wa kwanza zilipokwisha muda, washindani wakaingia. Uingereza kuna Versius, iliyotengenezwa Cambridge, yenye mikono iliyotengana, kila mmoja kwenye kigari chake, inayoweza kusukumwa toka chumba kimoja mupaka kingine. Ilijaribiwa kwa wagonjwa wa kwanza India mwaka 2019. Kampuni ya Medtronic ilileta Hugo, iliyoanzia Chile mwaka 2021. India nayo ina roboti yake, SSI Mantra, ya muganga wa moyo Sudhir Srivastava, inayouzwa kwa bei ya chini kuliko da Vinci. Kwa inchi maskini hiyo ya mwisho ndiyo ya kuangalia, juu ilitengenezwa na watu wanaojua hospitali ambayo haina pesa za kumwaga.

Wengine wanatafuta kupunguza mashine yenyewe. Katika chuo kikuu cha Vanderbilt, Marekani, watafiti wametengeneza mirija ya chuma laini iliyoingizana kama antena ya redio ya zamani. Kila murija umepindwa kidogo. Ukizungusha mmoja ndani ya mwingine, ncha inajikunja unapotaka. Ni membamba sana hivi kwamba miwili inapita ndani ya kamera inayoingia kizazini kwa njia ya uke, bila kukata tumbo hata kidogo. Inalenga zile fibromu zinazotokeza ndani ya chumba cha mutoto. Kwa kizazi bado ni kazi ya maabara.

Kuna pia njia zisizokata. Ufaransa, mwaka 1995, Jacques Ravina na wenzake walionyesha kwamba ukiziba mishipa inayolisha fibromu, inanyauka. Toka 2004 Marekani inakubali mashine inayochoma uvimbe kwa mawimbi ya sauti toka inje ya ngozi, mugonjwa akiwa ndani ya IRM. Kwa mama anayetaka kuzaa, waganga wengi bado wanachagua kutoa uvimbe na kushona.

Huku kwetu

Afrika ya Kusini inatumia da Vinci toka 2013. Kigali, toka mwezi wa kumi 2023, kuna tawi la IRCAD, chuo cha Strasbourg kilichoanzishwa na Jacques Marescaux, yule aliyempasua mugonjwa wa Strasbourg mwaka 2001 akiwa New York. Kinafundisha waganga wa Afrika upasuaji wa matundu madogo.

Lakini hospitali ambayo umeme unakatika na gazi ya kaboni inaagizwa toka mbali ina mahitaji mengine. Kuna chombo kinachoitwa RAIS, kilichochorwa kwa ushirikiano wa muganga wa vijijini wa India, J. Gnanaraj, na chuo kikuu cha Leeds, Uingereza. Ni mukono wa chuma unaoinua ukuta wa tumbo juu kama muti wa kati unavyoinua hema. Hakuna gazi. Mugonjwa mara nyingi anadungwa sindano ya mgongo tu, halazwi usingizi kabisa. Hakina kompyuta wala kioo, na pengine kitafika Masisi ao Shabunda mbele ya roboti yoyote.

Mama anayesubiri kupasuliwa leo, basi, hana sababu ya kukata tamaa kwa kukosa roboti. Njia ya Bonney, tumbo wazi na kizazi kinabaki, inafanywa katika hospitali kubwa za mikoa hii, na selioskopi iko katika chache. Anayo haki ya kuuliza, yeye na mume wake ao dada yake aliyemusindikiza: fibromu ziko ngapi, kubwa ni santimetre ngapi, ziko upande gani wa ukuta? Je, inawezekana kuzitoa na kuacha kizazi? Kama haiwezekani, ni kwa sababu ya ugonjwa wenyewe, ao ni kwa sababu hapa hakuna anayeifanya? Jibu la pili likitokea, kuna hospitali ingine ya kuuliza. Damu ipimwe mapema na upungufu utibiwe kwanza kwa vidonge vya chuma, juu kuingia mezani na damu kidogo ndiko kunakoleta hatari. Na asiachie dawa za mitishamba zinazowekwa ndani ya uke ili "kuyeyusha" uvimbe. Fibromu haiyeyuki kwa njia hiyo, na ngozi ya ndani inaungua.

Ajue pia kwamba fibromu zinaweza kurudi. Kutoa zilizopo hakuzuii nyingine kuota, iwe kwa roboti ao kwa mukono.

Halafu kuna karatasi. Aliyetolewa fibromu iliyozama ndani ya ukuta anashauriwa kungoja miezi kazaa mbele ya kubeba mimba, na mara nyingi kuzaa kwa kupasuliwa ili kovu lisivutwe na uchungu. Aliyefunguliwa tumbo ana alama ndefu ambayo muzalishaji wa kijijini ataiona na kuuliza. Aliyepasuliwa kwa matundu madogo, iwe Nairobi, India ao Johannesburg, anaweza kufika kwenye senta de sante akiwa na uchungu na tumbo laini, bila alama ya kuonekana zaidi ya vidoti vinne, na muzalishaji akamuambia asukume. Ripoti ya upasuaji, inayosema ukuta ulikatwa fasi gani na kwa kina gani, inakaa pamoja na fishi ya CPN, kopi moja kwa mama na ingine kwa mutu atakayemusindikiza siku hiyo.